Pikapu ya Hotirodi ya Mtindo wa Zamani kwa Matumizi ya Kila Siku

Anayetaka kuunda pikapu ya hotirodi ya mtindo wa zamani na kuiendesha kila siku anataka mambo matatu kwa mpigo, na kila jambo lina masharti yake. Mtindo wa zamani unadai gari lionekane, lisikike na lifanye kazi kama yale yaliyoundwa na vijana wa kusini mwa California katika miaka ya 1940 na 1950. Hotirodi inadai gari lipunguzwe uzito, liongezwe nguvu na lishushwe karibu na ardhi. Matumizi ya kila siku yanadai gari liwake asubuhi ya baridi, lisichemke kwenye foleni, lisimame inavyopasa barabara ikiwa imelowa, na limfikishe mwenyewe kazini bila wasiwasi. Wapo wanaoamini kwamba dai la tatu ni adui wa yale mawili, na kwamba kila kifaa cha kisasa kinachofungwa kinaharibu historia. Mimi sikubaliani nao. Hotirodi za kwanza zilikuwa magari ya kila siku, na anayeelewa jinsi wenyewe walivyochagua vipuri vyao ataona kwamba uaminifu kwa zama zile upo zaidi katika namna ya kuchagua kuliko katika umri wa kila boliti.

Historia yenyewe inalieleza hilo. Ford ilipoacha kutengeneza Model T mwaka 1927, baada ya kuunda zaidi ya magari milioni 15, ilileta Model A, ambayo ilitengenezwa hadi mwaka 1931 kwa idadi inayozidi milioni 4. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 magari hayo yalikuwa yamechakaa na kujaa kwenye yadi za vyuma chakavu, na kijana mwenye kipato kidogo aliweza kupata moja kwa fedha kidogo. Tayari mwaka 1932 Ford ilikuwa imetoa injini ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo mtu wa kawaida aliimudu, yenye ujazo wa lita 3.6 na nguvu za farasi 65, ilhali ile ya silinda nne ya Model A ilikuwa na nguvu za farasi 40. Kijana huyo alitoa injini ndogo akafunga kubwa, akang'oa mabati yasiyo ya lazima, na siku ya mapumziko akaelekea kwenye maziwa makavu ya Muroc au El Mirage katika jangwa la Mojave, ambako chama cha SCTA, kilichoundwa mwaka 1937, kiliandaa mashindano ya kupima mwendo. Alikwenda huko kwa gari lilelile, akafungua taa na kioo cha mbele, akakimbia, akarudisha kila kitu mahali pake na kuondoka. Jumatatu gari hilohilo lilimpeleka kazini.

Pikapu haikuwa chaguo la kwanza la mkimbiaji, kwa sababu kabini yake iliyosimama wima inakamata upepo mwingi kuliko gari dogo lisilo na paa. Ila baada ya Vita vya Pili vya Dunia maduka ya vipuri vya mbio yalichipuka, likiwemo So-Cal Speed Shop lililofunguliwa na Alex Xydias huko Burbank mwaka 1946, na biashara za namna hiyo zilihitaji gari la kubebea injini, kuvutia gari la mbio hadi uwanjani na kulisukuma liwake pale lilipokuwa halina stata. Kwa hiyo pikapu iliyoshushwa, yenye V8 na tairi pana nyuma, ilikuwa chombo cha kazi tangu mwanzo, na kwangu mimi hiyo ndiyo hotirodi inayofaa zaidi kuendeshwa kila siku, kwani haihitaji kujifanya kitu ambacho haikuwa.

Uamuzi wa kwanza ni mwaka. Aliye makini huchagua mwaka mmoja, tuseme 1949, kisha hujiuliza kwa kila kipuri kama mtu wa mwaka huo angeweza kukipata. Mwaka huo unaruhusu V8 za Ford na Mercury za miaka ya 1940, kabureta za Stromberg 97, giaboksi ya Ford ya mwaka 1939, breki za haidroliki na rimu za chuma za inchi 16. Unakataza V8 ya Chevrolet iliyotoka na magari ya mwaka 1955. Ukisogeza mwaka wako hadi 1957, gari linabadilika kabisa: injini hiyo ya Chevrolet inaruhusiwa, kadhalika V8 za valvu za juu, yaani zilizo kwenye vichwa vya silinda, za Oldsmobile na Cadillac zilizoanza mwaka 1949 na ile ya Chrysler ya mwaka 1951 yenye nguvu za farasi 180. Ushauri wangu ni kwamba mwaka uchaguliwe kwa kutazama barabara utakazopita. Anayeishi kwenye mji mdogo na kusafiri kilomita chache kwa mwendo wa wastani anaweza kubaki mwaka 1949 bila shida. Anayelazimika kuingia kila asubuhi kwenye barabara kuu ambako malori yenyewe yanakwenda kilomita 100 kwa saa atapata utulivu zaidi katika mwaka 1957, na bado gari lake litakuwa la kweli.

Baada ya mwaka huja kanuni ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kata chuma: hakuna kipuri kinachobadilishwa peke yake. Mfano mzuri ni giaboksi. Giaboksi ya Ford ya wakati ule ina gia tatu, na gia ya juu huzungusha propela kwa kasi ileile ya injini. Chukua difu ya kawaida yenye uwiano wa 3.78, ambapo propela huzunguka mara 3.78 tairi inapozunguka mara moja, na tairi ya nyuma yenye kipenyo cha sentimita 75. Kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa tairi hiyo huzunguka takriban mara 743 kwa dakika, na injini hulazimika kuzunguka kama mara 2,800. Injini ya zamani haitavunjika kwa mwendo huo, lakini itapiga kelele, itakunywa mafuta na kuzalisha joto kwa saa nzima, na dereva atashuka amechoka. Ndiyo sababu waundaji wengi wa leo hufunga giaboksi ya T5 ya gia tano iliyotoka kwenye pikapu ndogo za Chevrolet S-10, ambayo gia yake ya tano, ikiwa na uwiano wa karibu 0.72, hushusha mizunguko hiyo hadi kama 2,000. Giaboksi hiyo imejificha chini ya sakafu na rungu lake la gia linaweza kuwa lilelile la zamani, kwa hiyo macho hayaoni kitu.

Sasa tazama kinachofuata. Ford za wakati ule zilikuwa na propela iliyofungwa ndani ya bomba la chuma lililounganishwa na difu, na bomba hilo halikuwa kifuniko tu: ndilo lililosukuma gari mbele na kuizuia difu isijipinde tairi zinapovuta. T5 hutumia propela ya wazi. Ukitoa bomba, springi moja ya nyuma iliyolala kwa upana wa gari haiwezi peke yake kuizuia difu, kwa hiyo ni lazima utengeneze mikono mipya ya kuishika, na mikono hiyo inahitaji mahali imara pa kushikia kwenye chesisi. Chesisi ya Model A ni nyepesi na hujipinda, kwa hiyo nayo inataka kuimarishwa kwa mihimili ya katikati. Mihimili ikiingia, njia ya bomba la eksozi inabadilika, na breki ya mkono iliyopita pale nayo inatafutiwa njia nyingine. Uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya utulivu kwenye barabara kuu umegeuka kuwa ujenzi wa nusu ya gari. Si jambo baya, mradi liwe limejulikana kabla. Asiyetaka mlolongo huo ana njia ya zamani yenyewe, ambayo ni kutafuta ekseli ya Columbia ya mwendo wa namna mbili, iliyofungwa kwenye Ford za miaka ya 1930 na 1940, au kuweka ndani ya difu meno ya uwiano mrefu zaidi, na kukubali kwamba kuondoka kwenye taa na kupanda mlima kutakuwa kwa polepole kidogo.

Kwa anayebaki na V8 ya Ford, joto ndilo jambo litakaloamua kama gari litatumika au litakaa bandani. Injini hiyo ya kichwa bapa ina valvu zake ndani ya bloku, ubavuni mwa silinda, na moshi wa moto hautoki moja kwa moja upande wa valvu ulipo bali hupita kwenye njia zilizozungukwa na maji ndani ya bloku hadi upande wa nje. Silinda mbili za katikati katika kila upande hugawana tundu moja la kutolea moshi, ndiyo maana injini yenye silinda nne kila upande ina matundu matatu tu. Matokeo yake ni kwamba moshi hupasha maji joto jingi ambalo katika injini ya valvu za juu lingetoka nje upesi. Umbo hilo halibadiliki, lakini mengi yanayosemwa kuhusu kuchemka kwa injini hizi yanatokana na uzembe wa mtengenezaji kuliko kosa la mchoro. Bloku ya miaka 80 mara nyingi ina kutu na hata mabaki ya mchanga wa kiwandani kwenye njia za maji, na ikifungwa bila kuoshwa kwa dawa na kusuguliwa ndani, rejeta nzuri kuliko zote haitasaidia. Bloku hiyohiyo ni lazima ikaguliwe nyufa kati ya kiti cha valvu na silinda kabla ya kutumia hata senti moja kuichonga.

Dalili za joto zenyewe husema tatizo liko wapi, na ni vizuri kuzisoma badala ya kubadilisha vifaa kwa kubahatisha. Injini inayopanda joto kwenye foleni na kupoa inapokimbia inakosa hewa: feni ni ndogo, iko mbali na rejeta, au haina kava la kuelekeza upepo. Injini inayovumilia foleni lakini ikapanda joto kwenye barabara kuu imezidiwa na uwezo wa rejeta au mzunguko wa maji, na huenda muda wa moto wa plagi umechelewa, kosa linalopasha injini yoyote ile. Rejeta mpya ya shaba yenye safu nyingi, feni yenye panga sita, kifuniko cha shinikizo dogo na thamostati katika kila kichwa cha silinda ni vitu ambavyo fundi wa mwaka 1949 angevielewa vyote. Feni ya umeme iliyofichwa nyuma ya rejeta asingeielewa, lakini katika jiji lenye foleni ndefu mimi naikubali bila kusita.

Nguvu nazo zipimwe kwa busara. Wakati ule kila mtu alitaka vichwa vya alumini vya mgandamizo mkubwa na kamshafti kali, na majina ya watengenezaji wa vipuri vya mbio kama Vic Edelbrock na Ed Iskenderian yalijengwa juu ya hamu hiyo. Gari la kila siku linataka kipimo cha chini: mgandamizo wa karibu 7.5 kwa 1, kamshafti ya wastani na kabureta mbili zinazofunguka kwa mfuatano, ili mwendo wa kawaida utumie moja tu. Anayefunga kabureta tatu kwa ajili ya sura ajue kwamba atazilinganisha mara kwa mara. Petroli ya siku hizi nchini Marekani kwa kawaida huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hulainisha mipira ya zamani na kugeuka mvuke upesi kwenye joto, kwa hiyo mipira yote ya mafuta iwe ya aina inayostahimili ethanoli, na bomba la petroli lipite mbali na eksozi. Mafuta ya injini pia yamebadilika. Mengi ya leo yana zinki kidogo kuliko yale ambayo kamshafti za zamani zilitegemea, na ni heri kununua yaliyotengenezwa kwa injini za namna hiyo.

Anayechagua Chevrolet ya mwaka 1955 ana safari fupi zaidi. Injini hiyo ya lita 4.3 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 162 kwa kabureta moja, ilitoa moshi bila kuupitisha ndani ya bloku, na vipuri vyake hupatikana hadi leo kila mahali Marekani. Waundaji wa mwishoni mwa miaka ya 1950 waliiona tofauti hiyo haraka na kuiacha ile ya Ford kwa wingi. Waliiacha kwa sababu walihitaji gari linalokwenda, na hakuna aliyewaambia kwamba wamesaliti chochote.

Breki hazina mjadala. Model A ilitoka na breki za vyuma vya kuvutwa, zilizotosha gari lenye nguvu za farasi 40 na barabara tulivu. Nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza kuwa joto huongezeka mara nne mwendo unapoongezeka mara mbili, na kumpa mtu V8 bila kumpa breki zinazolingana nayo ni kumtia hatarini yeye na wengine. Chrysler ilitumia haidroliki tangu mwaka 1924, lakini Ford ilingoja hadi magari ya mwaka 1939, na kuanzia hapo kila hotirodi ya maana ilivaa breki hizo kutoka yadi ya vyuma chakavu. Zipo za namna mbili zinazofaa kujulikana. Zile za magari ya 1939 hadi 1948 zina viatu viwili, yaani vipande vinavyobana dramu kwa ndani, ambavyo kila kimoja kimeshikiliwa chini kwa pini yake, na hufanya kazi vizuri pale tu viatu vinapochongwa kulingana na mviringo wa dramu na kurekebishwa kwa uvumilivu. Zile za pikapu za Ford F-1, zilizoanza mwaka 1948, zina viatu vinavyosukumana, kiasi kwamba mzunguko wa dramu wenyewe huongeza nguvu ya kubana. Kwa pikapu ya kila siku nachagua hizi za F-1, nazo zinaingia katika mwaka 1949 bila tatizo.

Jambo ambalo singekubali kuliacha kama lilivyokuwa ni masta silinda. Ya zamani ina chumba kimoja, na bomba moja likipasuka breki zote nne zinatoweka mara moja. Sheria ya Marekani ilidai mifumo miwili inayojitegemea kwenye magari mapya kuanzia mwaka 1968, na masta silinda ya vyumba viwili hukaa chini ya sakafu ambako hakuna aionaye. Ikikaa chini hivyo, mafuta ya breki hutaka kurudi yenyewe kutoka kwenye tairi, na pedali huwa ndefu kila asubuhi. Kwa dramu hufungwa valvu ndogo inayobakiza shinikizo la pauni 10 kwa inchi ya mraba, na kwa diski ni pauni 2. Wapo wanaofunga diski mbele na kuzifunika kwa vifuniko vyenye mapezi vinavyofanana na dramu za alumini za Buick za mwishoni mwa miaka ya 1950. Sioni ubaya, ingawa dramu zilizotengenezwa vizuri zinatosha kwa gari jepesi. Upungufu wake mkubwa hujitokeza baada ya kupita kwenye maji mengi, na dereva anapaswa kuzoea kuzikausha kwa kugusa pedali taratibu.

Pikapu ina tabia yake hapa. Sanduku la nyuma likiwa tupu, uzito mwingi uko mbele, na breki za nyuma hujifunga mapema kwenye lami yenye maji. Kwa hiyo silinda ndogo zaidi za breki nyuma, au valvu ya kupunguza shinikizo, ni lazima. Uzito nao uhamishwe kadiri inavyowezekana: betri na tairi ya akiba ziende nyuma, na tangi la mafuta pia. Tangi la asili la Model A, lenye lita zipatazo 40, limo mbele ya abiria, juu ya magoti yao, nyuma kidogo ya injini. Lilikuwa hapo ili petroli ishuke yenyewe bila pampu. Mimi ningelihamishia chini ya sanduku, katikati ya mihimili ya chesisi, kwa ajili ya mizani na kwa ajili ya usalama, hata kama sehemu iliyo mbele ya kioo itaachwa na kifuniko chake cha zamani cha kujazia petroli. Springi ya nyuma nayo, iliyotengenezwa kubeba mzigo, hupunguzwa tabaka kadhaa ili gari lisimrushe dereva kwenye kila shimo.

Ekseli ya mbele iliyokunjwa ili kushusha pua ya gari ndiyo alama kubwa ya mtindo huu, na huishusha pua hiyo kwa sentimita 6 hadi 10 bila kukata chesisi. Kosa linalofanyika sana liko kwenye mikono inayoizuia. Ford iliunganisha mikono miwili katika sehemu moja chini ya giaboksi, na ikipachuliwa ili kila mmoja ushikwe pembeni, ekseli hulazimika kujipinda kila tairi moja inapopanda tuta. Ekseli ya asili yenye umbo la mhimili wa I hujipinda kwa kiasi hicho bila madhara. Ekseli ya bomba, kama ile ya Ford yenye V8 ndogo ya mwaka 1937, haijipindi, na kitu kingine ndicho kitakachovunjika badala yake. Kwa hiyo anayetaka mikono iliyoachanishwa atumie mhimili wa I. Ekseli iegemezwe nyuma kwa nyuzi 5 hadi 7 ili usukani urudi wenyewe katikati, na kama boksi ya stelingi inasukuma kwa upana wa gari badala ya urefu, ufungwe mkono wa kuzuia bodi isiyumbe pembeni juu ya springi yake, la sivyo kila shimo litageuza usukani.

Tairi za zamani za nyuzi za mshazari zina sura ambayo hakuna kitu kinachoiiga kikamilifu, lakini hufuata kila mfereji wa lami, na asubuhi huwa na sehemu bapa hadi zipate joto. Siku hizi zipo tairi za radiali zilizotengenezwa kwa ukuta mrefu na sehemu nyembamba ya kukanyagia kama zile, na kwa anayesafiri kila siku tofauti yake kwenye mvua inatosha kumaliza mabishano.

Umeme wa asili ni wa volti 6. Unaweza kufanya kazi vizuri ukiwa na nyaya nene na miunganisho safi, lakini taa zake hafifu na wiper dhaifu havifai msimu wa giza na mvua. Kugeuza kuwa volti 12 huleta taa za kutosha, indiketa zinazoonekana mchana, na vifaa vinavyopatikana dukani popote. Alteneta zilizofichwa ndani ya umbo la dainamo zipo, na sanduku la fyuzi hukaa chini ya kiti. Taa za nyuma za Ford ya mwaka 1939 ni nzuri mno lakini ndogo, kwa hiyo ndani yake ziwekwe balbu za LED.

Kwenye bodi, mambo mawili yanahitaji ujasiri wa kukataa. La kwanza ni kupunguza urefu wa kabini. Sura yake inavutia, lakini taa za kuongozea magari nchini Marekani huning'inia juu, na dereva wa kabini iliyokatwa sana hulazimika kuinama kuziona kila anaposimama. Sentimita chache zinatosha. La pili ni kuondoa madigadi yote. Majimbo mengi yana sheria inayoyataka, na hata pasipo sheria, tairi zilizo wazi hurusha maji na kokoto kwenye kioo na kwa wanaofuata. Madigadi ya nyuma yaliyofupishwa, pamoja na madogo ya mbele kama ya baiskeli, yalikuwepo zama hizo. Paa la kabini nyingi za Model A lilikuwa na kitambaa kisichopitisha maji katikati, juu ya mbao, na mahali hapo huvuja kwanza. Wengi huweka bati na kuchomelea, kisha hupaka ndani tabaka la kuzuia joto na kelele, jambo ambalo hakuna anayeliona na ambalo mwili hulihisi kila siku. Mikanda ya usalama ifungwe kwenye chuma kilichoungana na chesisi, wala isifungwe kwenye bati la sakafu peke yake.

Yapo pia makaratasi, ambayo huharibu mipango mizuri yakichelewa kufikiriwa. Huko California gari la petroli la mwaka 1975 au kabla yake halipimwi moshi, na sheria inaruhusu kutumia kibao cha namba cha zamani cha mwaka uleule wa gari kwa matumizi ya kawaida. Usajili wa gari la kihistoria ni kitu kingine, kwani unalenga maonyesho na shughuli za vyama vya wapenzi wa magari, na hauruhusu safari za kila siku. Bima nyingi za magari ya mkusanyo nazo ni nafuu kwa sababu hukataza kwenda nalo kazini. Mwenye nia ya kuendesha kila siku aseme hivyo waziwazi tangu mwanzo na alipe bima inayolingana.

Gari likikamilika lisipelekwe mbali mara moja. Safari za kwanza ziwe fupi, karibu na gereji, kila moja ikifuatwa na ukaguzi wa uvujaji na kukaza boliti. Vichwa vya silinda vya injini ya kichwa bapa hukazwa upya baada ya kupata joto na kupoa mara kadhaa, kwani gasketi hulala taratibu, na vichwa vya alumini hukazwa injini ikiwa imepoa. Kisha huja umbali wa kutosha kuonyesha joto la maji kwenye foleni ya mchana, na mwisho barabara kuu usiku wa mvua, ambao hupima taa, wiper, breki na tairi kwa wakati mmoja. Baada ya hapo gari linaingia katika utaratibu wake wa kawaida: Ford yenyewe ilielekeza Model A itiwe grisi kila maili 500, yaani kila baada ya kilomita 800 hivi, na kwa mtu anayesafiri kilomita 40 kwa siku, siku tano kwa wiki, hiyo ni kazi ya kila wiki nne, ya kulala chini ya gari na bomba la grisi na kukagua kila kiungo kwa macho.